Treni ya Papa Josias Inayopita juu ya Kitanda cha Fabiola

Goma, quartier Katoyi
Jumatatu, nyuma ya misa ya asubuhi

Kwa Papa Parrain Constant, kwake Ndosho

Objet: malalamiko ya ndoa kwa sababu ya treni

Papa Parrain muheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi Mama Sidonie Kaswera, muke wa Papa Josias Kakule, yule fundi wa saa na radio. Sidhani umetusahau. Siku ya ndoa yetu, miaka ishirini na sita iliyopita, ni wewe musimamizi wetu ulisimama nyuma ya Josias mbele ya altare, na kwenye karamu ukashika mikro ukasema, watu wote wakisikia, kwamba matata yakiingia katika nyumba hii, mulango wa kwanza wa kugonga ni wako. Sijagonga hata siku moja. Josias alipouza mbuzi wa mama yangu bila kuniuliza, nilinyamaza. Alipofungua radio ya padri na kuifunga tena huku vipande vitatu vimebaki mezani, nilinyamaza, na vile vipande nikavificha mimi mwenyewe. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia mpaka zikaoza. Leo ninagonga, Papa, tena kwa mikono miwili.

Matata yenyewe ni treni.

Usicheke. Ninajua utasema Goma hakuna treni, na ni kweli, tangu Mungu aumbe ziwa na volkano hakuna treni imekanyaga hapa. Hiyo ndiyo ajabu yangu. Ndege hazishuki tena, barabara ya kaskazini unaijua mwenyewe, mashua inaondoka ikipenda. Chombo kimoja tu katika muji huu kinaondoka kwa saa yake, na kinaondoka juu ya meza yangu ya kulia chakula.

Baba yake Josias alikuwa fundi wa treni kule Kalemie. Alipokufa alimuachia mutoto wake saa yake, picha moja ya lokomotivu, yaani ile mashine ya mbele inayovuta, pamoja na wagoni au mabehewa yake, na karatasi moja ya vipimo. Karatasi ilikaa sandukuni miaka mingi bila kumusumbua mutu. Lakini siku hizi watu wanaangalia saa katika telefoni, kazi ya fundi wa saa imepungua, na mwanaume asiye na kazi ya kutosha ni hatari katika nyumba. Alitoa ile karatasi. Akaanza kutengeneza ile lokomotivu na wagoni zake, kila kitu kama kwenye picha, lakini kimepunguzwa mara quatre-vingt-sept, ndiyo themanini na saba.

Si kichezeo, Papa. Ukisema kichezeo atakunyima maneno siku mbili. Njia ya kweli ya Kalemie ina upana wa metre moja na sentimita karibu saba, kwa hiyo yetu inapaswa kuwa milimita kumi na mbili na robo. Alikuwa amekwisha kulaza reli zote kwa kumi na mbili kamili. Akapima, akakuta robo haipo, akang'oa yote na kuanza upya. Mwezi muzima! Nilimuuliza nani ataona hiyo robo. Akanijibu, bila hata kucheka, kwamba treni itaona.

Sasa malalamiko yangu ni haya, na nimeyapanga kwa namba ili mutu asiseme nimeandika kwa hasira.

1. Kuhusu kufuli. Magurudumu ya lokomotivu ni ya shaba, na shaba ya kweli katika nyumba yetu ilikuwa katika kufuli. Alikata kufuli ya mulango mukubwa, ya jikoni, ya sanduku langu, na mwisho ya choo. Zote nne zimekuwa magurudumu, anayazungusha kwenye motere na kuyachonga kwa tupa mpaka yanang'aa. Mimi ninalala Goma, Papa, Goma hii, na mulango nimeufunga kwa kamba. Mutu akiingia choo sharti aimbe, ili wa nje ajue ndani kuko mutu. Wageni wote wamezoea isipokuwa mama mukwe, yeye hajui nyimbo isipokuwa za kilio, na kila akiingia majirani wanatoka nje kuuliza nani amekufa.

2. Kuhusu kikwembe changu cha sikukuu. Wagoni ya klasi ya kwanza ina madirisha kumi na sita, na kwenye picha ya marehemu baba yake madirisha yana pazia. Sikukuu ya Bikira Maria nilifungua kikwembe, kile kitenge changu kizuri, mbele ya kanisa, nikajifunga, na nyuma yangu Mama Emerance, jirani yetu, akaanza kukohoa. Pembeni kulikuwa matundu kumi na sita, yote ya kipimo kimoja, yamekatwa vizuri sana. Josias alijitetea kwamba alichagua upande wa ndani, kwa heshima. Aka! Heshima gani ya kutembea na madirisha matakoni?

3. Kuhusu shirika letu la sala. Zamu yetu ya kupokea shirika ni Jumatano moja katika miezi miwili. Jumatano hiyo tuko katika Rozari, Mama Emerance ndiye anaongoza, na saa ikapiga kumi na moja. Papa Parrain, ile treni haijui Rozari. Josias alipiga mluzi kidogo kwa mdomo, akabonyeza, nayo ikatoka gare, ile stesheni yake ya Goma, polepole, na wagoni zake tatu. Salamu Maria ikaanza kwenda polepole pia. Vichwa vyote vikageuka kutoka kushoto kwenda kuume. Ilipoingia katika tundu la ukuta na kupotea chumbani, sala ilisimama kabisa, na muzee mumoja akauliza kama imefika. Iliporudi walipiga makofi. Tangu siku ile shirika limeamua kusali kwangu kila Jumatano, saa kumi na moja kasoro robo, na wanakuja hata wale ambao hatukuwaona tangu Pasaka. Rais wa shirika anasema ni tunda la Roho Mutakatifu. Chai ya watu thelathini na moja anapika nani? Si Roho Mutakatifu.

4. Kuhusu hofu ya watu. Hapa ninakuomba usome taratibu. Njia inaanza mezani Goma, inapita ukutani kwa ubao, inatoboa ukuta, na nyumba yetu ni ya mbao kwa hiyo ukuta haukukataa. Inafuata ile barabara ya kaskazini: nyuma ya kitanda chetu ni Rutshuru. Juu ya kabati ni Kanyabayonga, kwa sababu kule ni milimani. Mwisho ni Butembo, nitafika huko. Njia ya namna hiyo haikujengwa na mutu yeyote, na mutu anayelia kwa robo ya milimita ameijenga kutoka kichwani mwake. Nilimwonyesha hilo. Akasema kama haijawahi kuwako, hakuna atakayesema ameikosea.

Basi, kokoto za njia ni lava ya kweli, ameiponda kwa nyundo na kuichuja katika chujio changu cha chai. Ili zishikamane aliona gundi ya duka inanuka, akapika uji muzito wa unga wa mihogo, akazibandika nao. Mutu wa Goma, aliyezaliwa na kukomaa akila bugali, ameacha bugali chini ukutani siku tatu na hakufikiri juu ya panya! Asubuhi ya nne aliingia kukagua njia, na nikamusikia akipiga kelele kwa sauti ya mwisho kwamba njia imekatwa Rutshuru, wamekula yote. Mama Emerance pia alisikia, akadhani ni vita, maana kati yetu na yeye ni ubao tu. Neno la panya lilikuja nyuma, kwa sauti ya chini, na hakulingoja.

Saa sita ya muchana avenue yetu ilikuwa na godoro juu ya kila kichwa. Makala ya kupikia yalipanda bei. Jirani wa kona alipakia kabati nzima kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na bibi yake juu ya kabati. Shefu wa quartier alituma mutu kumuuliza Josias habari hiyo ameipata kwa nani, naye akajibu kwa kujivuna kwamba hakuambiwa na mutu, ameona kwa macho yake. Walimukalisha ofisini mpaka saa tisa akieleza quatre-vingt-sept ni nini. Mwisho shefu alikuja mwenyewe kuona Rutshuru. Alipiga magoti nyuma ya kitanda changu, na viatu vyake. Nilifikiri nimepata hakimu. Kumbe alikaa mpaka giza likaingia, akaomba apewe yeye kubonyeza.

5. Kuhusu nafasi yangu katika treni. Abiria amewachonga kwa nta ya mishumaa, na kila mumoja ni mutu tunayemujua. Shefu wa quartier yuko klasi ya kwanza, dirishani. Wewe pia, Papa Parrain, uko klasi ya kwanza, umevaa kofia, unasoma gazeti. Ninakuambia mapema ili ujue mutu huyu anajaribu kumuhonga hakimu. Na mimi je, muke wake wa ndoa takatifu? Niko klasi ya tatu. Nimesimama. Kichwani nina mukungu wa ndizi. Nilipouliza, alisema mamas wa biashara walisimama, ndivyo picha ya baba inavyoonyesha, na kwamba mimi amenichonga vizuri kuliko wote, niangalie tu shingo. Shingo ni nzuri, sikatai. Urefu wangu ni milimita kumi na tisa na sura nimejitambua. Lakini nimesimama tangu mwezi wa nane, na hakuna mwanaume hata mumoja wa nta amenipisha.

6. Kuhusu kitanda. Hapa, Papa, sina mchezo tena.

Unamujua Fabiola, kitinda mimba wetu, wewe ulimubeba siku ya ubatizo. Alikwenda Butembo kusomea uuguzi. Alipaswa kurudi likizo ya kwanza. Sasa ni miezi kumi na sita. Sina haja ya kukueleza ni kwa nini mutoto hawezi kupita, kila mutu hapa ana wake ambaye hawezi kupita. Ninamusikia kwa telefoni, sauti inakatika, ananiambia yuko vizuri, nami ninajua anadanganya kwa sababu ni mimi nilimufundisha kudanganya vile.

Treni ya vipimo vya kweli, anasema Josias, haiwezi kugeuka ghafula. Inataka kona pana. Akapima nyumba yote, na mahali pekee panapotosha ni kitanda cha Fabiola. Alikunja godoro akalisimamisha ukutani. Akaweka mbao juu ya kitanda, na juu ya mbao akajenga Butembo: soko, kanisa, na nyumba moja ya bati jekundu ambapo mutoto amepanga. Kila siku saa kumi na moja treni inaondoka Goma. Dakika ya nne inafika Butembo. Inasimama pale dakika tatu. Kisha inarudi. Nilimuuliza inangoja nini dakika tatu zote. Akasema abiria. Na ninaona vile anaangalia ule mulango mudogo wa wagoni, ameshika saa ya baba yake mukononi. Hapo hasira yangu inataka kugeuka kuwa kitu kingine, na mimi siitaki igeuke, ninaihitaji.

Hoja yangu ni hii. Nyumba iliyoondoa kitanda cha mutoto imemwambia mutoto asirudi. Josias anasema siku atakaposikia Fabiola amefika Kanyabayonga, atarudisha kitanda kwa dakika kumi. Lakini siku hizi watu hawatangazi safari. Anayepita anapita kimya, unashtuka tu yuko mulangoni na mfuko. Mutoto wangu atafika amechoka, atafungua chumba chake, na atakuta soko juu ya mto wake. Mimi ni mama yake. Ninataka kile kitanda kiwe kimetandikwa kila siku, shuka safi, ili nikipita nikione na niseme anakuja. Inaniuma, Papa Parrain. Nimeandika kufuli na kikwembe ili nipate nguvu ya kufika kwenye hili.

Kwa hiyo ninakuomba uje Jumapili, nyuma ya misa, na ile sauti yako ya mikro. Umuamuru aondoe Butembo juu ya kitanda. Umuamuru choo kipate kufuli. Na kama inafaa kwa hakimu kuongeza neno, mimi nikae chini.

Onyo moja: usikubali kuonyeshwa lokomotivu kabla ya kutoa hukumu. Ni nzuri, shetani yule. Motere yake ilitoka katika radio kaseti ya zamani. Tumbo lake lina riveti mia nne na kumi na mbili, na kila moja ameipiga kutoka nyuma ya bati la maziwa kwa ncha ya sindano yangu ya kushonea. Mara ya kwanza upande wa kushoto zilipungua mbili. Ni mimi niliona, yeye hakuona, na siku hiyo alilala bila kula. Sasa zimetimia, nimehesabu tena. Lakini hayo si kusudi la barua hii.

Mufikishie Mama Marraine salamu, umwambie goti lake ninaliombea kila Jumatano katikati ya zile fujo. Salimia watoto, wajukuu, na yule jirani yenu mwenye jogoo asiyejua saa. Mungu awalinde hapo Ndosho, nasi atulinde hapa, na atulindie walio mbali.

Ni mimi binti yako wa ndoa, ninayekungoja,

Mama Sidonie Kaswera

N.B. Papa Parrain, ni Jumatano sasa. Mutu wa moto, yule wa pikipiki, aliyepaswa kukuletea barua hii hakupita, ikabaki chini ya sahani, na Josias akaipata. Aliisoma yote na ile miwani yake ya jicho moja ya kutengenezea saa. Penye milimita kumi na tisa aliweka alama ndogo ya kalamu, kwamba ni kumi na nane na tisa, kisha akairudisha chini ya sahani.

Jana asubuhi aling'oa Butembo. Soko, kanisa, nyumba ya bati jekundu, na reli mpaka juu ya kabati, zote katika karatoni. Alirudisha godoro, akatandika shuka mwenyewe, vibaya, namna wanaume wanavyotandika. Muchana alirudi na kufuli ya choo. Nilimwambia asante, na nilikuwa ninaisema kweli.

Saa kumi na moja nilikuwa ninachambua maharagi. Ikafika, hakuna kilichopita. Nikangoja kidogo, labda saa yangu iko mbele. Nikaacha maharagi, nikaingia chumbani kwa Fabiola, nikasimama mbele ya kitanda kile nilichokililia kwa kurasa hizi zote. Kimetandikwa. Kinangoja tu, Papa. Ile treni ilikuwa inakwenda kumutafuta.

Leo shirika walisali haraka haraka wakaenda, hata chai hawakunywa. Josias yuko nje uani, anatengeneza radio ambayo haikuharibika.

Kwa hiyo kuja vile nilivyokuomba, lakini hukumu uigeuze. Umuamuru arudishe njia mpaka Butembo. Ipite chini ya kitanda, mutoto alale juu: nimepima, kutoka sakafu mpaka mbao kuko sentimita thelathini na nne, na lokomotivu na bomba lake haifiki tano. Kona itatosha, nimeichora chini kwa chaki na kuifuta kabla hajaingia. Usimwambie ni mimi niliomba. Mwambie ni neno la parrain.

Na usingoje Jumapili kama unaweza kupita kesho. Kumbe kila siku, treni ikitoka Goma, Josias alikuwa anamuandikia Fabiola kwa telefoni kwamba imetoka. Mimi sikujua. Jana hakuandika, na jioni mutoto aliniandikia mimi: «Mama, nimekaa kwenye mulango mpaka sasa, leo treni haijafika. Kuko nini Goma?»

Sijamujibu bado.